Mtoto hashiki titi, nimwite nani? Mama wa nyumbani, mhudumu wa mtaa, nesi wa kliniki au simu

Saa nane usiku, siku ya nne tangu nijifungue, nimekaa ukingoni mwa kitanda Mabatini, Mwanza. Titi limekuwa gumu kama mawe ya mlima wetu, mtoto analia na mimi nalia. Mama mkwe anasema uji wa pilipili manga. Dada yangu kwenye simu anasema maziwa ya kopo. Mume wangu, maskini, anauliza awashe taa au azime.

Mtoto yule sasa anabeba begi la shule, ila kila binti wa jirani akijifungua swali linarudi lile lile: niende kwa nani? Mwanza hatukosi mtu wa kumuuliza. Tatizo ni kujua yupi anafaa kwa shida ipi. Nimewapanga hapa wanne ambao mama wa kawaida wa jiji hili au wa mwambao anaweza kuwafikia kweli: mama au bibi wa nyumbani, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nesi wa kliniki, na simu.

Kwanza, yasiyosubiri kuchagua

Mtoto mchanga aliyegoma kunyonya kabisa, aliyelegea na haamki hata ukimvua nguo, mwenye homa au mwili uliopoa, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, aliyepata degedege, aliye na umanjano uliofika viganjani na nyayoni, au ambaye kitovu kimekuwa chekundu na kutoa usaha: huyo ni wa hospitali sasa hivi. Mama anayetokwa damu nyingi naye vivyo hivyo. Mwenye homa na titi jekundu linalouma asilale na hali hiyo hadi kesho kutwa.

Kwa walio mjini, njia za hospitali za Sekou Toure na Bugando anazijua hata bodaboda aliyeanza kazi jana. Usafiri ukikosekana piga 115, namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kwetu mpango huu si mgeni, Sengerema ni miongoni mwa mahali ulipoanzia kujaribiwa.

Vipimo nilivyotumia

Cha kwanza: anatazama? Shida nyingi za kunyonyesha hazimo kifuani, zimo mdomoni mwa mtoto na mkononi mwa mama. Mtoto amekamata ncha ya chuchu badala ya kujaza mdomo na sehemu ile nyeusi inayoizunguka. Huwezi kurekebisha hilo bila kuliona likitokea.

Cha pili, muda na nauli. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku na mchana, kwa hiyo msaada ulio mbali au wa dakika tatu una kasoro yake hata ukiwa wa kitaalamu.

Cha tatu ni maneno. Wengi wanakiona kama anasa. Mimi ningekitanguliza kama ningeruhusiwa. Maziwa kutengenezwa ni jambo moja na maziwa kutoka ni jambo jingine. Kinachoyasukuma yatoke ni homoni iitwayo oksitosini, nayo husita mama akiwa na maumivu makali, hofu au aibu. Mama aliyefokewa anaweza kuwa na titi limejaa na mtoto akanyonya kwa muda bila kupata kitu, kisha wote wakaamini hana maziwa. Ndiyo maana upole nauhesabu pamoja na dawa.

Cha nne: anajua anapoishia? Yaani, anajua ni wakati gani aseme "hili nimpeleke kwa mwingine"?

Mama au bibi wa nyumbani

*Kutazama.* Hakuna anayekuona mara nyingi kuliko yeye. Lakini mara nyingi anamtazama mtoto mzima, analia au ametulia, na mdomo haushughulikii, kwa kuwa kwake mambo yalikwenda yenyewe. Mama mkwe wangu alinyonyesha saba. Alikuwa akimsukuma mtoto kisogoni ili alifikie titi. Ukimsukuma mtoto kisogo, hujipinda nyuma. Akahitimisha: "Huyu hataki titi."

*Muda na nauli.* Hapa hana mpinzani. Anapika uji, anafua nepi, anampokea mtoto ulale japo saa moja. Mama anayeteka maji na kupanda ngazi za mawe siku ya tano hawezi kukaa nusu saa na mtoto titini, basi hata huyo anayekoroga ugali jikoni anasaidia kunyonyesha.

*Maneno.* Inategemea nyumba. Yupo atakayekuambia "pole mayu, hata mimi huyu mumeo alinitoa machozi", ukajisikia mtu tena. Yupo atakayekuambia wanawake wa siku hizi ni laini. Kama wako ni wa aina ya pili, mwachie kazi za jikoni na titi mtafutie mtu mwingine.

*Anapoishia.* Hapa ndipo pa kuwa macho. Maji ya kiu, maji ya sukari, dawa ya mchango, uji mwepesi mwezi wa pili, vyote hutolewa kwa upendo na vyote huchukua nafasi ya maziwa katika tumbo dogo. Mtoto akishiba maji hunyonya kidogo, na titi lisilonyonywa hutengeneza kidogo. Miezi sita ya mwanzo maziwa ya mama yana maji ya kumtosha hata kwa joto letu. Dang'a, yale ya manjano ya siku za kwanza, wapo wanaoyaita machafu na kuyakamulia chini, na ndiyo yenye kinga nyingi.

Halafu kuna kubemenda. Mtoto akikonda, wazazi husingiziwa kwamba wamelala pamoja mapema. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mtoto anayekonda ana njaa au anaumwa, na aibu ya neno hilo huwafanya wazazi wamfiche ndani badala ya kumpeleka kwenye mizani. Na akija mtu na wembe akisema mtoto hanyonyi kwa sababu ya kimeo, au ana meno ya plastiki yanayotakiwa kung'olewa, mchukue mtoto uondoke, awe amemleta nani. Kukata kimeo kunaweza kumuua mtoto kwa damu au maambukizi.

Anamfaa mama ambaye mtoto anashika vizuri, anakojoa vizuri, na kinachomlemea ni uchovu na upweke.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii

*Kutazama.* Amefundishwa kumpakata mtoto na kumweka titini, na anakuona pale pale shida ilipo: kitanda chako kinachobonyea, mto usiokuwepo, jirani anayekuja na chupa. Nesi wa kliniki hayo hayaoni.

*Muda na nauli.* Anakuja mwenyewe. Ila ana kaya nyingi, na mitaa mingine anajulikana kwa jina tu. Muulize mwenyekiti wa mtaa au zahanati iliyo karibu kabla hujajifungua, si usiku wa siku ya nne kama mimi.

*Maneno.* Ni mtu wa mtaani, anaongea kama mtaani, na hilo ni raha. Ni hilo hilo linalowatia wengine wasiwasi: kama una jambo usilotaka lijulikane, hali yako ya VVU kwa mfano, una haki ya kutaka kuyaongea kliniki tu.

*Anapoishia.* Hatibu. Mzuri anakuambia hivyo mapema na kukuandikia rufaa. Anawafaa sana waliojifungua kwa operesheni na wanaoishi juu huko Igogo au Mabatini, ambao kushuka barabarani na kidonda tumboni ni safari ya siku nzima.

Nesi au mkunga wa kliniki

*Kutazama.* Anaweza kuliko wote, akipata nafasi na akitaka. Kituo cha kwanza nilichokwenda sikutazamwa. Niliulizwa mbele ya foleni kama nadhani mtoto ataishi kwa kuangalia titi, wenzangu wakacheka, nikakunja kanga zangu nikaondoka. Nesi yule alikuwa peke yake na benchi zima la akina mama. Naelewa. Bado linaniuma.

Siku iliyofuata tukaenda zahanati nyingine, mama mkwe nyuma yangu. Mkunga wa pale, mtu mzima, alivuta stuli akakaa. "Mnyonyeshe kama unavyomnyonyesha nyumbani," akasema, kisha akanyamaza, labda dakika nne. Halafu: "Mama, naomba nimguse mtoto." Akamgeuza mwili mzima unielekee, tumbo lake kwenye tumbo langu, sikio, bega na nyonga mstari mmoja. Mkono wangu akautoa kisogoni, akauweka mgongoni na chini ya shingo. Pua ikatazamana na chuchu.

"Sasa subiri."

Chuchu ikamgusa mdomo wa juu. Akafungua kidogo. "Bado." Akapanua kama anayepiga miayo. "Sasa!" Nikamleta yeye kwenye titi, siyo titi kwake. Kidevu kikazama, mdomo wa chini ukapinduka nje, mashavu yakajaa. Ile sauti ya kufyonza hewa ikakoma, ikaja nyingine ndogo ya kumeza, yenye kituo katikati. Maumivu yalikuwepo kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha yakatoweka. Mama mkwe akainama akaangalia kwa karibu. "Kumbe ni mdomo," akasema, na tangu siku hiyo akawa yeye anayenisahihisha usiku.

*Muda na nauli.* Kwa sera, huduma za mama na za mtoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali ni bure, lakini daladala ya kutoka Kisesa au Buhongwa si bure, na benchi linakula asubuhi. Ikishapita ile ya saa 48 za mwanzo, ratiba ya baada ya kujifungua inakuita siku ya 7, ya 28 na ya 42. Shida za titi hupamba moto kati ya siku ya pili na ya tano. Usingoje tarehe ya kadi. Kama si dharura, jaribu kufika wimbi la chanjo la asubuhi likiwa limepungua, ndipo nesi hupata nafasi ya kukaa.

*Maneno.* Umeona mwenyewe, ni bahati nasibu. Ukijibiwa vibaya, omba mwingine au nenda kituo kingine.

*Anapoishia.* Ana kitu ambacho watatu waliobaki kwa kawaida hawana: mizani. Mtoto hupungua uzito siku za mwanzo na hilo ni kawaida. Aliyezaliwa na kilo 3.0 akisoma 2.8 siku ya nne, tulia na endelea kunyonyesha. Akisoma 2.7 amepoteza asilimia 10, hapo anahitaji kuangaliwa siku hiyo hiyo. Kufikia wiki mbili awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa, na baada ya hapo, miezi ya mwanzo, huongezeka kama gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Nyumbani mizani yako ni nepi: kuanzia siku ya tano zilowe sita au zaidi kwa siku, na choo kiwe cha manjano. Nesi pia ndiye anayeona kama ulimi wa mtoto umeshikwa na uzi wake wa chini, au titi linaelekea kuwa jipu, na anajua daktari wa kumwandikia.

Anamfaa kila mwenye maumivu yasiyoisha, chuchu zilizochanika, au shaka juu ya uzito.

Simu

*Kutazama.* Haioni. Wapo wanaotuma video ya mtoto akinyonya kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili. Mimi nisingefanya hivyo.

*Muda na nauli.* Saa tisa usiku ndiyo pekee iliyo macho. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure.

*Maneno.* Makundi ya akina mama yana huruma ya ajabu. Kujua kwamba kuna mwingine Nyegezi naye hajalala ni faraja ambayo sikuipata wakati wangu.

*Anapoishia.* Haijui. Aliyekupa ushauri hamjui mtoto wako, na pengine anauza kitu: chai ya kuongeza maziwa, unga, kopo. Kanuni za kimataifa za mwaka 1981 zinakataza kutangaza maziwa mbadala kwa umma, na Tanzania ina kanuni zake za namna hiyo. Akikusukumia kopo mtu usiyemuuliza, muulize analipwa na nani.

Inamfaa anayetaka kusukuma usiku hadi kukuche, au mwenye swali dogo lisilohitaji macho.

Kwa hali yako

Siku ya pili au ya tatu, "maziwa hayajashuka", mtoto mchangamfu na anakojoa: baki na mama wa nyumbani na mwite mhudumu. Maziwa mengi hujaa kati ya siku ya pili na ya nne, na kwa mimba ya kwanza au operesheni yanaweza kuchelewa kidogo. Mlaze mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, mnyonyeshe kila anapotaka, usipitishe saa tatu bila kumnyonyesha.

Chuchu zimechanika: kliniki, leo au kesho. Kabla ya kufika, anzia titi lisilouma sana, na ukimaliza paka matone ya maziwa yako mwenyewe yakauke. Mafuta mengine ya dukani subiri kwanza mtoto ashikishwe vizuri, kwa sababu bila hilo chuchu itachanika tena.

Titi gumu kama langu: kamua kidogo kwa mkono, sehemu nyeusi ilainike, ndipo umpe mtoto. Baada ya kunyonya weka kitambaa cha maji baridi. Uji wa pilipili manga kunywa kama unaupenda, mimi niliupenda.

Umefanyiwa operesheni: kabla hujaruhusiwa kutoka wodini, mwombe nesi akuonyeshe namna ya kunyonyesha ukiwa umelala ubavu, na ile ya kumshika mtoto chini ya kwapa kama kikapu ili asiguse kidonda. Nyumbani mhudumu akufuate.

Mtoto njiti au mwenye uzito mdogo sana: hospitali ndiyo inayoongoza, wengine wote wasaidie. Utafundishwa kumbeba kifuani kwa njia ya kangaroo, kukamua, na kumlisha kwa kikombe kidogo. Mama wa nyumbani naye anaweza kumbeba kifuani, ukapata usingizi.

Unaishi na VVU: kliniki, wala si kundi la simu. Mwongozo ni kunyonyesha maziwa ya mama pekee miezi sita, kisha kuendelea pamoja na vyakula vingine, ukimeza ARV kila siku na mtoto akipata dawa yake ya kinga. Kuchanganya na maji au uji kabla ya miezi sita ndiko kunakomwongezea hatari, kwa hiyo hapa bibi lazima aelezwe, hata kama haelezwi sababu.

Unarudi kazini: sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakupa likizo ya siku 84, au 100 kwa pacha, na ukirudi, hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni hana bosi wa kumwonyesha karatasi hiyo, kwa hiyo kukamua ndiko kutakakomwokoa. Chombo safi chenye mdomo mpana, kivulini. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa muda usiozidi saa nne kama joto halizidi nyuzi 25. Kukamua jifunze kwa nesi au mhudumu wiki mbili kabla, siyo usiku wa kuamkia kazini.

Unalia kila siku, hulali hata mtoto akilala, na wiki mbili zimepita: nenda kliniki na useme hivyo hivyo. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu aliye karibu sasa na mwende hospitali. Hilo ni ugonjwa na linatibika.

Umeshauriwa maziwa ya kopo, au umeamua mwenyewe: kliniki bado ni yako. Omba wakuonyeshe kipimo cha unga na maji yaliyochemshwa, na tumia kikombe badala ya chupa isiyosafishika. Kupunguza unga ili kopo lifike mwisho wa mwezi humdhoofisha mtoto kimyakimya. Maziwa ya ng'ombe ya jirani si mbadala wake kwa mtoto wa chini ya miezi sita.

Na wewe uliyeko kisiwani Ukara au kwenye mwalo ambako boti haipatikani kila saa: safari yako ianze mapema kuliko ya wa mjini. Sisi tunaweza kusema tuone hadi kesho. Wewe, mtoto akinyonya mara mbili tu tangu asubuhi na nepi ni kavu, uliza boti ya leo. Beba kadi ya kliniki, kanga ya ziada, na yule mnayelala naye chumba kimoja, aone kwa macho yake mtoto anavyoshikishwa, maana usiku mkirudi kisiwani ni yeye atakayekuwepo.